Michel Amebatizwa Tena

Jumamosi, 1 Septemba 2018
Nimesuka vichwa vitatu tangu asubuhi, vidole vinauma. Wateja wote wanataka rasta za rangi, eti leo majira ya maua yameanza. Mtaani Troyeville baridi bado ipo. Mume wangu Michel ametoka kazini Braamfontein, analinda lango la maofisi huko, akarudi moja kwa moja nyumbani. Mzima. Hanuki bia. Jumamosi iliyopita vilevile. Ameosha sufuria bila kuambiwa. Binti yetu Tété alimtazama kama anamtazama mgeni. Na mimi pia.

Jumamosi, 8 Septemba
Sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria. Tulikwenda misa, mimi na Tété. Tuliporudi tukamkuta Michel ameketi jikoni, nywele mbichi, suruali nyingine imeanikwa dirishani inadondosha maji. Nikafikiri bomba limepasuka.

Kumbe amebatizwa. Mara ya pili. Kwenye bwawa la kuogelea, uani mwa nyumba fulani Bez Valley, na pasta mmoja Mkongomani mwenye kanisa la uamsho. Amekuwa akienda huko miezi, mimi sijui. Huko ndiko alikoachia bia.

Nikamuuliza, "Na ubatizo wa Bukavu, yale yalikuwa maji ya nini?"

Akasema, "Mama Tété, nilikuwa mtoto. Sikuchagua."

Nikakaanga ndagala, dagaa wetu.

Jumatatu, 10 Septemba
Nimemweleza Mama Josée, mwenzangu wa saluni. Amecheka mpaka kitana kikamponyoka. Eti mume wake yeye anakunywa na haendi kanisa lolote, tubadilishane. Sijacheka. Mwaka mzima nilimsumbua Malaika Mikaeli, somo wake Michel, amwondolee pombe. Sasa pombe imeondoka, lakini imeondokea mlango mwingine. Nani kanijibu? Nimshukuru nani?

Jumapili, 16 Septemba
Ameniomba niondoe picha ya Maria ukutani. Ameomba kwa upole. Nimekataa. Akasema sawa, akatoka kwenda kwenye ibada yake.

Michel mlevi nilimjua. Alipovunja kioo cha mlango nilijua pa kumficha mtoto na maneno ya kumtuliza. Huyu mpole simjui. Sipati pa kumshika.

Alhamisi, 20 Septemba
Leo naanza novena ya Mikaeli Malaika, kama kila mwaka kabla ya sikukuu yake. Nimepiga magoti. Nimeshindwa kuomba. Nikiomba Michel aturudie kanisani, je, akirudi na bia zake? Nimewasha mshumaa, nikautazama tu. Aibu.

Jumatatu, 24 Septemba
Siku ya Urithi, hakuna kazi. Mtaa mzima moshi wa nyama. Jirani yetu Mama Zodwa alituita uani kwake. Miaka mingine siku hii Michel hurudishwa nyumbani akiwa amebebwa. Leo amegeuza nyama yeye mwenyewe, amekunywa Fanta, amempakata Tété ingawa miguu ya mtoto siku hizi inafika chini. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Halafu Tété akamuuliza kama Jumamosi tutamwimbia kwa sikukuu yake.

Akasema, "Miye sina tena sikukuu ile."

"Na ya kwangu?" Somo wake Tété ni Teresa, siku yake ni Jumatatu ijayo.

Akamwambia, "Teresa ni mtu aliyekufa, mtoto wangu, hasikii."

Tété alilia kwa sauti, akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika. Alisema kila jioni tangu mdogo anaongea na Teresa, anamwambia kila kitu. Sasa ni nani alikuwa anasikiliza? Mama Zodwa akazima redio. Nikamvuta mtoto tukaondoka. Nimemkasirikia mume asiyelewa kuliko nilivyowahi kumkasirikia mlevi.

Jumatano, 26 Septemba
Tété hasali. Nikianza Salamu Maria ananyamaza, anaangalia vidole vyake. Hata chakula hali vizuri. Michel anamwona. Jana amelala kwenye kochi. Hakuna aliyemfukuza.

Alhamisi, 27 Septemba
Mwenzake Michel wa kazini kanipigia simu saluni: Michel ameomba ruhusa asubuhi, ameondoka, simu yake haipokelewi. Nikajua. Nikaacha kichwa cha mteja nusu, Mama Josée akamalizia. Nikashuka mpaka Joubert Park, kwenye baa yake ya zamani. Mwenye baa akaniambia, "Eish, mama, huyo hatujamwona siku nyingi." Nikaenda baa ya pili. Hayupo.

Nimemkuta kwenye bustani, kwenye benchi, karibu na wapiga picha wanaongoja wateja. Mikono magotini. Hajanywa. Alikuwa amekwenda kwa pasta kuuliza amwambie nini mtoto. Pasta akamwambia asimame imara, machozi ya mtoto hukauka.

"Nilitoka pale nikitaka kunywa," akasema. "Nimekaa hapa ili miguu isinipeleke."

Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika mkono. Nimemshika mkono. Sijui hata kama nimemsamehe.

Jumamosi, 29 Septemba
Nimepika kuku. Sikusema ni wa nini, na yeye hakuuliza. Mchana mama mkwe akapiga simu kutoka Bukavu, sauti juu, jikoni kote inasikika. "Bonne fête, sikukuu njema, Michel wangu! Malaika akulinde!"

Niliacha kukoroga. Tété naye akainua macho.

Michel akasema, "Asante, mama." Basi. Hakumrekebisha. Akamwuliza habari ya mguu wake.

Tété akanitazama. Nikapandisha mabega.

Jumapili, 30 Septemba
Ametusindikiza mpaka lango la parokia. Halafu akashika njia yake, Biblia kwapani. Watu wametuona. Wacha watuone.

Jumatatu, 1 Oktoba
Mvua ya kwanza. Imeanza alasiri, wateja hawakuja, nimerudi mapema. Nimetengeneza bugali na sombe, yale majani ya muhogo, Tété anavipenda.

Michel ameomba kabla ya kula, kwa namna yao, macho yamefungwa, maneno mengi. Alipomaliza, Tété akaongeza polepole, "Mtakatifu Teresa, utuombee." Siku zote hizi hakuwa amesema sala yoyote.

Nikangoja. Michel hakusema amina. Wala hakumkataza. Alichukua mwiko, akampakulia Tété kwanza, akampa lile tonge la chini, lililoshika sufuria, analolipenda.

Sijui hiyo ni nini. Tumekula.