Shairi Langu la Meno

Ndugu yangu, leo nimeumbuka hadharani. Nipe hongera.

Zahanati yetu ilikuwa na siku ya kupima meno ya watoto. Nikampeleka binti yangu, na shairi nimelibeba mfukoni. Hakuna aliyeniomba. Nikasimama mbele ya wazazi wote, nikaghani:

Wana wa kule bondeni, meno rangi ya kahawa,
Wetu wa hapa mjini, meupe kama maziwa!

Makofi! Nikainama kama malenga aliyevishwa taji.

Kisha daktari wa meno akashusha barakoa, akatabasamu. Meno yake yote rangi ya kahawa! Mama huyu ni mzaliwa wa bondeni. BONDENI, ndugu yangu!

"Vina vimekaa vizuri, mshairi," akasema. "Kule kwetu maji ya visima yana madini. Yanatutia meno rangi, lakini matundu utayatafuta kwa tochi. Hebu mwanao apanue mdomo."

Matundu matano. MATANO! Akayahesabu kwa sauti, na wazazi wakawa wanaitikia kama kibwagizo. Eti kila mwaka sisi wa mjini ndio tunaoongoza kwa meno kuoza. Peremende na soda zimetuheshimisha.

Gego moja haliokoki, litang'olewa kesho. Binti yangu alilia mpaka akapaliwa. Daktari akambembeleza, na mwishowe binti akakubali kung'olewa, ila kwa sharti moja: baba abaki nje, asije akamtungia shairi.