Ngazi ya Kwenda kwenye Mitungi ya Mama

Masan, Korea
27 Aprili

Mpendwa wifi yangu Myeong-ok,

Hujambo huko Toronto? Bwana Sang-gu naye hajambo? Yale magoti yake yametulia, au bado anayasingizia kila ukimwambia akafagie theluji? Sisi huku tu wazima. Kaka yako amenenepa, Mama anakula vizuri na kifundo chake cha mguu kimepoa kabisa. Nimelitanguliza la Mama kwa kuwa najua ndilo unalolitafuta, na mengine ungeyaruka.

Picha ya Yun-a akiwa na joho la kuhitimu imefika. Mama ameibandika kwenye jokofu, juu ya kalenda, kwa hiyo siku hizi hatujui leo ni tarehe ngapi. Mtoto amefanana na wewe, ila yeye anatabasamu.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Najua shemeji Pil-seok alikupigia simu akakwambia kwamba Mama anahamia kwake na nyumba itauzwa. Ngoja kwanza, usinunue tikiti ya kuja kufungasha vyombo.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili, siku chache tu baada ya Mama kujaza mitungi soya mpya na maji ya chumvi kule juu ya paa, vikae miezi miwili vichachuke hadi vitoe mchuzi, kipandio kimoja cha ile ngazi ya chuma ya nje kilikatika chini ya mguu wake. Kutu ilikuwa imekila kwa ndani. Bahati yetu aliteguka kifundo tu. Fundi tuliyemwita alitazama mara moja, akasema ngazi nzima ing'olewe na ukuta iliposhikizwa uvunjwe. Basi shemeji akapata pa kushika. Nani avunje ukuta kwa ajili ya bibi wa miaka themanini na nne, wakati kwake kuna lifti na maji ya moto?

Lakini huko ghorofani kwake mitungi haina pa kukaa, na mama yako unamjua. Alituketisha wote akasema, siku ya kutenganisha mchuzi na soya, akifika kwenye mitungi yake kwa miguu yake mwenyewe, anabaki. Asipofika, anahama, na mitungi apewe anayeitaka. Shemeji alikubali haraka mno.

Mimi nikasema ngazi nitaitengeneza mwenyewe.

Usicheke, wifi. Najua unacheka. Tangu vuli najifunza kuchomelea vyuma, kila Jumamosi asubuhi, kwa kujifurahisha tu. Nimepikia watoto wa shule maisha yangu yote. Nilipostaafu wenzangu walijiunga na kwaya, mimi nikataka kushika kitu cha moto kisicholiwa. Mwalimu wetu ni Bi Tak, mama aliyechomelea meli hadi uzeeni. Darasani tuko na daktari wa meno anayejitengenezea jiko la nyama, na binti mmoja mwenye duka la maua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa stendi ya chungu cha maua. Kaka yako aliitazama inavyoyumba, akauliza imekunywa chupa ngapi.

Nisikufiche, nimeteseka. Mwanzoni ile fimbo ya kuchomelea ilikuwa inaganda kwenye chuma kila nikiigusisha, na isipoganda mshono unatoka kama mavi ya kuku. Siku moja niliinua kinyago kabla ya wakati. Jioni macho yakawa kama yametiwa mchanga, Mama akaniwekea viazi vibichi vya kukuna juu ya kope huku akinisema, kwamba mwanamke mwenye akili hatazami jua mara mbili.

Bi Tak alikuja kuiona ngazi. Aliigonga kwa nyundo kuanzia chini hadi juu, ameinamisha kichwa anasikiliza mlio. Akasema zile mbavu mbili ndefu za pembeni bado nzima, vilivyooza ni vipandio na vishikio vinavyovibana kwenye mbavu. Akaniambia atanisimamia, ila mkono wake hatautia. Nilinuna, maana nilitegemea angalau pale pagumu atanisaidia. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Kishikio cha kwanza nilikishona vizuri hata nikamwita kaka yako aje akione. Mshono umenyooka, unang'aa. Bi Tak akakipiga nyundo moja tu, kikadondoka chini chote.

"Hapa umepaka, hujaunga," akasema. "Mbona umepunguza moto?"

Nikamweleza kwamba mimi ni mpishi, na moto mkali kwangu ni kuunguza. Akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe chuma lazima kiyeyuke kwa ndani ndipo kishikane na mwenzake, na mimi muda wote nilikuwa nakichemsha taratibu kama supu. Nilikata vishikio vyote nikaanza upya kwa moto wa kuogopesha. Shati langu la kijani lile ulilonitumia limetoboka kifuani, nisamehe.

Siku ya kutenganisha ikafika. Shemeji Pil-seok akaja na futi ya kupimia kabati, tayari kuhamisha. Mama akatoka na viatu vyake vya mpira na aproni, akasimama chini ya ngazi. Mimi nilijisogeza, nikidhani anapanda. Badala yake akamnyooshea mwanawe kidole.

"Wewe ndiye mzito humu. Beba gunia la chumvi, tangulia."

Shemeji akanigeukia, uso umempauka. "Shemeji, hii imeshika kweli?"

"Panda utajua," nikamwambia. Alipanda kwa kunyata, gunia begani. Ngazi haikulia hata kidogo. Mama ndipo akafuata, mimi nyuma yake, mikono nimeitanguliza nimdake. Hakuyumba.

Kule juu alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakugusa kitu. Kila kitu alinifanyisha mimi: kuopoa soya, kuiponda, kuchuja mchuzi, kutia chumvi. Miaka yote niliyoolewa sijaruhusiwa kutia mkono kwenye mitungi ile, wifi, na wewe ni shahidi. Nikamuuliza kama chumvi inatosha, akaniambia nionje mwenyewe nina ulimi.

Tuliposhuka akasema, "Ngazi ni nzuri. Mimi siipandi tena."

Shemeji akaivuta futi yake upesi. Nikajua nimefanya kazi yote ile bure.

"Wewe rudisha hiyo mfukoni," Mama akamwambia. "Nilisema nikifika nabaki, na nimefika. Magoti yangu yamekwisha siku nyingi. Nilikuwa napanda kwa sababu sikuona wa kumwachia. Sasa ninaye."

Nililia, wifi, palepale mbele ya shemeji, na sioni haya kukuandikia. Kwa hiyo Mama hahami. Na kila asubuhi kukicha mimi ndiye napanda kufunua mitungi ipate jua, yeye amekaa chini kabisa na chai yake, ananipigia kelele kwamba ule wa kushoto nimeusahau.

Nakuwekea mkebe wa soya hiyo. Ikizidi chumvi, kosa ni langu.

Nisalimie Bwana Sang-gu na watoto, Yun-a na Daniel. Kaka yako na Mama wanakusalimu, na shemeji pia, ingawa bado amenuna. Nyumba yenu ikae na heri, na kila atokaye arudi salama.

Ni mimi wifi yako akupendaye hata ukinicheka,
Bok-hui