Klia Juu ya Injini ya Pijo

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Imewaka! Pijo 404 yangu ya mwaka 1967, iliyoletwa gereji ya soko la Kibuye hapa Kisumu ikivutwa kwa kamba, leo imenguruma yenyewe. Nilipiga kelele. Nimeripoti mafuriko na kura za marudio bila kupandisha sauti. Leo soko zima limenigeukia. Zuleha, fundi aliyeifufua injini, alifuta mikono tu. "Dada Ajwang, tulia. Ni gari, si bwana harusi."

Jumapili ni maonyesho ya magari ya zamani. Gari lenye injini bora litaongoza msafara hadi ziwani. Nautaka msafara ule. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu mzima mwenzangu.

Jumanne, 5 Novemba

Mzozo. Hassan, mume wa Zuleha, ni mpiga rangi – gereji moja, ukuta wa mabati katikati. Anataka kupaka kichwa cha injini klia, ile rangi isiyo na rangi inayokauka kama kioo. Anasema alumini ikiachwa tupu karibu na ziwa, itaota weupe kabla ya Krismasi. Zuleha anasema mafuta yakivuja chini ya klia, hutajua yanatokea wapi. Tena klia mbaya ikipata joto inageuka rangi ya chai. Chuma kile amekisugua zaidi ya mwaka. Mumewe akiipaka, yeye Jumapili hasimami kando ya gari. Watu watasifu kioo cha mumewe!

Wote wawili wana hoja. Na hawaongei, wananituma mimi.

"Mwambie mume wangu injini si kabati."

"Mwambie mke wangu hata yeye hupaka mafuta usoni."

Nilifikisha yote neno kwa neno. Kisha nikaenda Katito kazini, nikicheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeamua: klia. Hassan amepata kopo la klia inayostahimili joto. Zuleha alijibu "Sawa" moja, fupi, akafunga boksi lake la spana.

Kibuye kuna vumbi, nikasema gari lije kwangu Dunga, ufukweni, kwenye hewa safi. Wazo langu! Jioni Hassan akapuliza. Iling'aa kama mgongo wa samaki ngege anayetoka majini. Niliruka. Kweli kabisa, niliruka.

Halafu moshi ukainuka ziwani. Haukuwa moshi. Visubi, vijidudu vya ziwani! Wingu zima, na mimi nimeandika habari zao miaka na miaka. Walitua kwenye klia mbichi hadi injini ikaota manyoya. Hassan anawapepea kwa kofia: "Tokeni! Hii ni kazi ya watu!"

Nilimpigia Zuleha. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kisha akaja kwa boda na galoni ya thina ya kuyeyushia rangi.

Ijumaa, 8 Novemba

Tangu jana usiku Zuleha anasugua, Hassan anamshikia taa. Nimepika omena, dagaa wadogo wa ziwani. Hassan ameitazama sahani, akasema wadudu aliowaona wiki hii wanamtosha.

Chuma kimerudi kuwa kitupu. Swali ni lile lile. Nikangoja.

Pale Zuleha aliposahau kitambaa kibichi usiku, asubuhi amekuta doa jeupe. Amelitazama sana. "Mwambie aipake," akaniambia. "Lakini safari hii, kabla hajapuliza, mafuta nafuta mimi."

Pijo imerudi Kibuye. Itapulizwa kesho, ndani, milango imefungwa.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva. Tumefika tukivutwa kwa kamba! Hassan alikataa iwashwe njiani; klia ilikuwa bado inakauka. Mtu wa Datsun ametuuliza kama tumeleta gari au mkokoteni.

Mzee Walubengo, jaji, anapita akipangusa kila injini kwa leso nyeupe. Sharti lake ni moja: injini iwashwe mbele yake. Klia hii haijawahi kuonja joto. Hassan anasema itashika. Zuleha anasema itafuka kama jiko la kuni.

Lakini yuko hapa. Kando ya gari, ovaroli mpya.

Licha ya milango kufungwa, kisubi mmoja amenaswa ndani ya klia mpya, karibu na plagi, mabawa wazi. Hassan alitoa sindano amng'oe.

"Mwache!" Zuleha akamwambia – yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Huyo ndiye mkazi halisi wa Kisumu."

"Mke wangu, jaji ataona."

"Aone. Umeona plagi nilivyozipanga, au unaona rangi yako tu?"

"Nimeziona. Ndiyo maana nilitaka zifunikwe zisiharibike."

Sasa wameinama wote chini ya boneti moja, wanabishana kwa sauti ya chini, na mimi hawanihitaji kabisa. Raha iliyoje!

Mzee Walubengo amekunja leso. Anakuja. Mimi bado naandika.

Zuleha amefika dirishani. "Dada, weka hicho kitabu. Washa."