Hatua Hamsini Hadi kwa Mwalimu

Doha

Mama Wambui mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye joto hili lisilo na adabu. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kubeba katoni. Mvua imefika huko Dundori? Viazi vimeota? Na mguu wa mama yangu unaendeleaje? Barua hii ameibeba mwenzangu wa Molo anayekuja likizo, maana simu yako hushikwa na Wambui muda wote, na haya si maneno ya mtoto.

Wiki jana Wambui alinitumia picha ya kazi yake ya hesabu. Waliambiwa wachore ramani ya nyumbani kwenye karatasi ya grafu, wachague mahali pawili, watafute umbali kati yake. Si angechagua zizi na tangi la maji? Akachagua nyumba yetu, mraba mmoja kulia na miwili juu, na nyumba ya jirani yetu Mwalimu Kariuki, minne kulia na sita juu. Nikampigia kuuliza nani alimsaidia.

"Si ni Mwalimu, Daddy? Huja kila jioni. Anaeleza poa kuliko ticha wetu."

Kila jioni! Mimi niliyemfundisha kuhesabu kwa maharagwe nikabaki kuomba nielezwe.

"Nne toa moja, tatu. Sita toa mbili, nne. Kila moja unazidisha na yenyewe, unapata tisa na kumi na sita. Ukijumlisha ni twenty-five, square root yake ni tano. Kila mraba ni hatua kumi, so ni fifty. Na nilitembea nikahakikisha, Daddy. Fifty kamili!"

Nilimpongeza, kisha nikaichora upya mwenyewe kwenye katoni. Mama Wambui, hesabu hiyo hupita moja kwa moja kama ndege. Mtu wa kwetu hawezi, kwa sababu katikati kuna ua wa kayaba niliopanda mwenyewe, miiba ikanichoma mpaka chini ya kucha. Hata kuku hakupenya. Kwenda kwa Mwalimu ni kufuata barabara hatua thelathini, ukate kona, utembee arobaini. Ni sabini. Kama mtoto ametembea hamsini, basi ua una pengo.

Nina wivu, sifichi. Najua Mwalimu ni mtu wa kanisa, najua alifiwa na mkewe, najua mtoto anapata alama nzuri. Najua pia anavyochana nywele. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi ndiyo hiyo fimbo, nimesimama ghalani huku mwingine akinywa chai yangu. Usiniambie hanywi. Huwezi kumnyima mgeni chai, nakujua.

Msalimie sana mama. Msalimie ndugu yangu anayekamua, mwambie asimsahau yule ndama. Wambui mwambie hesabu yake haina kosa, na hilo ndilo linaloniuma.

Sikuambii uzibe pengo. Ila wewe umepunguza kayaba miaka mingi, unajua matawi huangukia upande wa aliyeshika panga. Basi nijibu hili kabla ya habari ya viazi: yaliangukia kwake, au yaliangukia kwetu?

Ni mimi mumeo,
Baba Wambui