Kaseti ya Lori la Majani

Weldon, bakule wangu, ndugu yangu wa jando,

Nimechoka. Ningeanza kwa kukuuliza habari za huko uliko, lakini mimi na wewe hatukuwahi kuwa watu wa salamu ndefu, na leo sina nguvu za kuzunguka. Mvua imetufungia ndani tangu saa sita, majani hayachumiki, nami nimeketi mezani na daftari la shule la mjukuu wangu. Mke wangu amepita hapa mara mbili, akaangalia karatasi, akaenda zake bila kuuliza kitu.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukulaze pale nyuma ya nyumba. Chai yako inachumwa na Chebet, binti yako, pamoja na mama yake. Wanachuma vizuri kukushinda, usikasirike, kila mtu anajua mkono wako ulikuwa unachuma pole pole na mdomo ndio ulikuwa unakimbia. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Barabara ya kwenda kituo cha majani bado ni ile ile, na lori la kiwanda bado linachelewa, bado tunaketi juu ya magunia tukilingoja. Kiti chako pale ukutani hakuna mtu anayekikalia. Hawajakatazwa, ni vile tu wanapita.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya ng'ombe. Nakuandikia kwa sababu ya kaseti.

Siku ya mazishi yako, Philip, yule bwana wa mifugo, alisimama kutoa rambirambi kwa niaba yetu sisi wapenzi wa Bendi ya Lori, ile ya kwenye kaseti. Alieleza jinsi kila mmoja wetu alivyoijua ile bendi. Mama Joyce wa duka alisema aliisikia akiwa na mimba ya Joyce, mgongo unamuuma, amekalia kikapu chake cha majani. Philip mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa la sita. Kila hadithi ilianzia kwenye matope yale yale. Halafu Philip akamalizia kwa mzaha: "Na kama si mkono mwepesi wa marehemu, tungeisikia siku hiyo moja tu. Mungu amsamehe, aliiba vizuri." Hema zima likacheka. Hata mchungaji alicheka. Mimi pia nilicheka, Weldon. Nilikuwa mstari wa mbele, jeneza lako liko hatua nne kutoka kwangu, na nikacheka mpaka meno yakaonekana. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wewe unajua ilivyokuwa. Lakini acha niisimulie yote, kwa sababu miaka yote ile sikuisimulia kwa mtu yeyote.

Tulikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili, na Desemba iliyotangulia mimi na wewe tulikuwa tumetoka jandoni pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Lori la majani likaja likazama mita chache kabla ya kituo, magurudumu ya nyuma yote mawili ndani. Dereva, Mzee Maritim wa kule Soin, alihangaika nalo mpaka akachoka, kisha akaenda kwa miguu kutafuta trekta. Akatuita sisi wawili, vijana waliokuwa na adabu kwa sura, akatuambia tukae ndani tulichunge. Redio aliiacha ikicheza.

Ilikuwa na kaseti moja. Ikifika mwisho inajigeuza yenyewe, inaanza upande ule mwingine. Wakulima wote walikuwa pale na vikapu vyao, hakuna anayeweza kurudi nyumbani na majani, hakuna pa kwenda. Kwa hiyo kijiji kizima kilisikiliza magitaa ya wazungu kuanzia saa saba mpaka jioni. Mara ya kwanza watu walilalamika kwamba ni kelele. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu nilimwona mzee mmoja, shemasi mzima, akipiga kikapu chake kwa vidole. Ilipofika mara ya tano hata sisi tusioelewa Kiingereza cha kuimbwa tulikuwa tunajua mahali mwimbaji atapandisha sauti, na tulikuwa tunamngoja hapo. Ndivyo watu wa kwetu walivyoijua bendi ya roki. Hawakuitafuta. Walikwama nayo.

Wewe ulikuwa umekalia kiti cha dereva, umeshika usukani, kila anayepita anakuona. Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye kivuli. Trekta lilipofika na watu wote wakakimbilia nyuma kusukuma, nilibonyeza kile kidude, kaseti ikatoka, nikaiingiza ndani ya sweta. Ni mimi. Ilikuwa bado na joto.

Kwetu hapakuwa na mashine ya kuichezea. Kwenu ilikuwepo, ile redio kaseti ya baba yako yenye mpini uliovunjika. Nilikuja nayo asubuhi, ukaitazama, ukanitazama, ukasema, "Jose, wewe ni mwizi," kisha ukaiweka ndani. Wiki iliyofuata Mzee Maritim aliuliza kituoni, akajibiwa kwamba hakuna aliyeiona. Baadaye akahamishiwa barabara nyingine. Na kabla ya mwezi kwisha kila mtu alikuwa anaisikia ikilia nyumbani kwenu. Basi wakajua. Nani mwingine? Si ndiye aliyekuwa ameshika usukani?

Ulipoulizwa, ulicheka tu. Tulikuwa tumefundishwa kule jandoni kwamba bakule hamtoi bakule mwenzake, hata akishikwa koo. Wewe uliishika hiyo kama ilivyofundishwa. Mimi nilikula upande mmoja wa mila, ule mtamu. Maana tulifundishwa pia kwamba bakule hamwachi mwenzake abebe mzigo wake.

Nakumbuka Jumapili zile baada ya kanisa, watu kumi, kumi na wawili, wamejaa sebuleni kwenu. Wewe na mwiko wa ugali ukiufanya gitaa. Kaseti ikitafunwa tunaizungusha kwa kalamu ya Biki, na pale ilipokatika ukaiunganisha kwa rangi ya kucha ya dada yako, na tangu siku hiyo sauti ya mwimbaji ikawa inayumba hapo kidogo, kama mtu aliyejikwaa. Sisi wote tuliimba tukijikwaa hapo. Miaka ikapita, Chebet akaielekezea simu yake, na simu ikatuambia jina la bendi kabla hata wimbo haujafika katikati. Ulikasirika! Ulisema, "Sisi tumekaa nayo maisha yote bila jina, hii simu inajifanya nani?" Kisha akatuchezea wimbo wenyewe, safi, usioyumba, na tukatazamana. Tuliona kama wamekosea. Simu ikatuambia pia kwamba mwimbaji alikuwa amekufa kabla lori halijazama, na ukatoka nje ukakaa peke yako kwenye ngazi.

Hayo ni matamu. Chungu ni ule mwaka wa uchaguzi wa kamati ya kituo. Wewe ndiye uliyefaa. Wewe ndiye uliyekuwa unawasimamia wamama wasipunjwe kwenye mizani, wewe ndiye uliyejua kuongea na watu wa kiwanda bila kutukana. Jina lako likapendekezwa, na sauti moja ikatoka nyuma: "Mwizi wa kaseti tumpe mizani? Si ataenda nayo kwake!" Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha, wala hakuna aliyekuchukia. Lakini kura ni kura, na mkulima haweki mzaha karibu na mizani. Ulinitazama mara moja tu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Wakanichagua mimi, na tangu hapo ni mimi mwenyekiti, Jose mtu mwaminifu, kila uchaguzi bila kupingwa. Wewe ulikuwa wa kwanza kunishika mkono kunipongeza.

Sasa nikueleze ya juzi. Wiki mbili zilizopita Mama Chebet aliniita. Amekonda, Weldon. Kile kicheko cha kwenye hema kilikuwa kimemkaa rohoni. Alikuwa ameitoa kaseti kwenye sanduku lako, ameifunga kwa leso nyeupe. Akasema, "Sitaki kitu ya mtu kwa hii nyumba. Watoto wangu wasije wakabeba makosa ya baba yao. Wewe ni bakule wake, utanipeleka kwa mwenyewe." Pale pale ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikimuuliza tutaondoka lini.

Tuliteremka Soin siku ya Jumatano. Unajua vile joto linavyokupokea ukishaacha chai nyuma na kuanza kuona miwa. Alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kama mtu anayekwenda kuomba msamaha kwa njia inayofaa. Njia nzima alikaa ameshika leso ile kwa mikono miwili. Mzee Maritim tulimpata nje kwake, amezeeka, jicho moja limefunga, lakini masikio yako sawa. Mama Chebet akasimama mbele yake akaanza: "Mzee, bwana yangu ametuacha. Kuna kitu yako alichukua akiwa kijana." Na akaanza kupiga magoti, mkeo, na magoti yake yale mabovu.

Hapo nikashindwa. Nilimshika mkono nikamzuia. Nikasema, "Si yeye. Ni mimi nilichukua. Weldon hakuiba kitu." Sikusema vizuri. Nililia kama mtoto, mbele ya mbuzi na wajukuu wa mtu.

Mzee Maritim akanivutia kigoda. Kisha akasema maneno ambayo sijalala vizuri tangu niyasikie. "Lakini huyo Weldon alikuja hapa. Alikuja zamani, akasema amepata mtoto wa kwanza, hataki mtoto akulie kwa kitu ya wizi. Akaniambia, 'Mzee, ni mimi niliitoa.' Mimi nikamwambia arudi nayo. Hiyo muziki mimi hata sikuipenda, ilikuwa ya dereva mwenzangu, na huyo alikuwa ameshanunua ingine." Akakutemea mate ya baraka kifuani, alisema, na ukaenda.

Kumbe ulikwenda. Uliteremka mpaka huko na kaseti niliyoiba mimi, ukaomba msamaha kwa mdomo wako, kwa jina lako, na hukuniambia. Ilikuwa yako kihalali kabla ya uchaguzi ule. Ungesimama ukasema, "Nilishasamehewa na mwenyewe," wangenyamaza wote. Ulinyamaza wewe. Sijui kama ulikuwa unanilinda au ulikuwa unaningoja nifungue mdomo mwenyewe. Nakuuliza, na najua hutajibu, na hiyo ndiyo inayonichosha.

Mama Chebet hakunitukana. Ningependa angenitukana. Tulipanda mlima, leso ile bado mikononi mwake, na tulipofika getini kwenu akageuka akaniambia, "Na ulicheka. Siku tunamzika, nilikuona ukicheka." Akafunga geti. Mpaka leo akinipita kituoni ananisalimu kama anavyomsalimu mtu wa kiwanda.

Kwa hiyo Jumatatu nilisimama mbele ya wakulima kabla ya kupima. Nilisema yote, lori, sweta, jandoni, Soin. Nikasema najiuzulu uenyekiti na kwamba kiti hicho kilikuwa chako. Nilijiandaa kwa matusi, Weldon. Nilijiandaa hata kwa kofi.

Hawakuniamini. Philip alianza kutikisa kichwa, macho yana machozi, akasema, "Mnaona rafiki? Mnaona mtu? Amekubali kujipaka matope ndiyo jina ya marehemu isafike." Mama Joyce akanikumbatia. Mzee mmoja akasema rafiki kama mimi hazaliwi siku hizi, na kujiuzulu kwangu kukakataliwa kwa kupiga makofi. Mama Chebet alikuwa nyuma na kikapu chake. Alitazama vile wanavyonisifu, akaweka majani yake kwenye mizani, akaondoka. Sikuweza kumwomba anishuhudie. Si kazi yake kunisafishia njia.

Ndivyo nilivyokuacha, bakule. Hata ukweli wangu umenipandisha mimi na kukuacha wewe pale pale. Natamani ungekuwepo ucheke, maana najua ungecheka.

Kesho mvua ikikatika ni siku ya majani. Nitasimama tena kabla ya kupima. Na siku inayofuata, na ile nyingine. Nitamleta Mzee Maritim kwa pikipiki ikibidi, na jicho lake moja. Nitaisema mpaka wachoke nami, mpaka mmoja wao, mmoja tu, aache kunishika mkono. Hapo ndipo nitakapokuja nyuma ya nyumba yako kukuamkia.

Saisere, kwaheri, Weldon. Pumzika. Mimi bado.

Ni mimi,
Jose