Mboji Iliyotolewa Mbichi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tu wazima. Paka wako amehamia kwa jirani bila talaka.

Shamba letu juu ya taka za mgodi bado ni jekundu, halina hata jani. Miche yote iliungua mizizi. Bila shaka unakumbuka ulivyochomeka chuma katika lundo la mboji, ukanigusisha shavuni.

“Bado ina moto, msomi. Mboji mbichi haitashika sumu ya mgodi, itaua miche tu. Ngoja.”

Nami nikakujibu mbele ya vibarua, “Shangazi, hiki si chungu cha jikoni. Vipimo ninavyo mimi.”

Ukacheka. “Haya, mpishi, pakua.”

Nikapakua. Msimamizi wa shamba alipouliza nani aliyeruhusu mboji itolewe, niliandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba ni wewe, mtunza lundo. Ndiyo maana uliachishwa kazi. Ulipoaga ulinipa kile chuma: “Huenda mkono wangu hautambui tena moto. Jifunze wewe.”

Nimetunga hoja nyingi za kujitetea, Shangazi, na hakuna hata moja inayosimama mbele ya sentensi hiyo. Mkono wako haukukosea.

Asubuhi hii nimemkabidhi msimamizi nakala ya barua hii, mpaka hapo juu. Ameisoma akiwa amesimama, kisha akaniambia nisirudi kesho. Kabla ya kuondoka nimelipima lundo jipya kwa chuma chako. Bado lina moto. Nimewaambia vibarua wasiliguse mpaka uje wewe.

Ni mimi mwanao,
uliyemwita msomi.