Alama za Penseli Mlangoni mwa Banda

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Gamboti zimejaa tope. Madam Sang, meneja wa divisheni yetu, hakungoja ikatike. Aliwaita wachunaji wote ndani ya banda la kupimia majani, akawasimamisha mmoja mmoja mlangoni, mgongo kwenye mbao. Mimi ni msaidizi wake, kwa hiyo penseli nilishika mimi. Kila mtu alama moja, na jina kando yake.

Sababu ni mashine mbili tulizoletewa mwezi uliopita. Mashine ya kuchuna chai hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari. Wa tatu hufuata nyuma akibeba mfuko unaopokea majani. Wawili wa mbele wakipishana urefu, kisu kinalalia upande mmoja na chai inaharibika. Divisheni ya juu mashine zao wamepewa vijana wa kiume peke yao. Wanawake wa huko wanachuna kwa mikono huku wakingoja kuambiwa waende nyumbani. Madam amesema hapa kwetu kila mtu atajifunza, na kila mtu atapitia nafasi zote tatu. Hakueleza zaidi.

Penseli ilimweka Mama Kemunto sawasawa na Kipkoech. Mama Kemunto ni wa kutoka Kisii, mvi zimeanza, ameishi kwenye shamba hili muda mrefu kuliko meneja yeyote. Kipkoech ni kijana wa Sigor, mrefu, mdomo haufungi. Alilalamika kwamba sasa atatembea mchana kutwa na mama ya watu kama wachumba. Banda zima likacheka.

Mama Kemunto alimpima kwa macho. "Uchumba ni ya watu wako na ng'ombe. Wewe uko na nini?"

Wakacheka zaidi. Hata Kipkoech.

Sijui kama mpango huu ni haki au ni ukaidi tu. Lakini siku nzima nilimwangalia Madam.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo mafunzo. Madam alishika mashine wa kwanza, upande wa injini, ule mzito. Hakuwa amewahi. Hatua chache tu kisu kikazama. Chai iliyokuwa tambarare kama meza ikabaki na bonde la vijiti vitupu, karibu kabisa na njia ya trekta.

Kicheko, mtu mmoja, kisha wote. Niliona aibu kwa niaba yake. Kipkoech akajitolea kupunguza chai ya pembeni ili bonde lisionekane bwana mkubwa akipita.

"Liacheni," Madam akasema. "Ni langu."

Akampa Mama Kemunto mshiko. Mama Kemunto naye akaharibu, lakini kidogo. Akaomba kurudia bila kuulizwa. Baada yake hakuna aliyeogopa.

Chuo kikuu nilisoma uongozi muhula mzima. Sikusikia popote kwamba mkubwa anaweza kuacha kosa lake kando ya njia, kila mtu alipite asubuhi na jioni. Mimi ningelificha. Najijua.

Jumatano, 13 Novemba

Siku mbaya. Majani yetu yalirudishwa kutoka kiwandani. Vijiti vingi, majani mazee. Mashine zinasimama kila mara watu wanapobadilishana nafasi. Divisheni ya juu wanatupita mbali.

Bwana Rotich, meneja mkuu wa shamba, alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema tuna mpaka Krismasi. Kama kazi haitafika ile ya divisheni ya juu, na majani yakiwa safi, mashine zitapewa vijana na kandarasi za wanawake hazitaandikwa upya Januari. Alisema mbele yao. Mama Kemunto aliendelea kukunja mfuko, taratibu, kama mtu anayekunja shuka.

Wakati wa kuondoka Bwana Rotich aliniita kando. Akaniambia nina shahada ya usimamizi, naonaje, huu mzunguko wa kila mtu kila nafasi utaleta kitu? Nikasema bado ninauchunguza. Jibu la mtu mwoga. Madam alikuwa hatua chache nyuma yangu. Alinisikia, nina hakika.

Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 22 Novemba

Jioni nilipita kwa Mama Kemunto kumpelekea dawa ya mgongo. Anaishi na mjukuu wake, Kemunto, aliyepewa jina la marehemu mamake. Msichana wa darasa la sita, mpole. Nyumba ni ya shamba. Kazi ikiisha, nyumba inaisha.

Nyuma ya nyumba kuna kiploti ambacho kila msimu alikuwa akipanda saga, mboga chungu ya kwao. Mwaka huu kimejaa magugu. Niliuliza, bila kufikiri. Akasema mtu hapandi mboga itakayoliwa na mwingine.

Nimelala na maneno hayo kifuani. Naona hasira. Simjui wa kumkasirikia.

Madam amebadilisha jambo. Mama Kemunto atashika upande usio na injini, kwa vipindi vifupi. Chepng'eno, ambaye ana mimba kubwa, hatabeba mfuko. Ananoa visu na kukagua majani kabla ya trekta kuja. Kijana mmoja alinung'unika kwamba si tuliambiwa wote ni sawa. Madam akamuuliza kama angependa kubeba mimba wiki moja, Chepng'eno abebe mfuko. Likaisha hapo.

Visu havijawahi kuwa vikali hivi. Chepng'eno ni mkali kuliko visu.

Jumamosi, 30 Novemba

Ugomvi. Ilikuwa zamu ya Kipkoech kubeba mfuko nyuma ya Mama Kemunto. Alikataa. Alisema yeye amepashwa tohara zamani, hawezi kufuata wanawake nyuma akibeba mzigo kama mtoto. Alisema mbele ya kila mtu.

Nilingoja Madam amfukuze. Nilitaka amfukuze.

Madam akachukua mfuko. Akafuata nyuma ya Mama Kemunto mstari mzima, kwenda na kurudi, suruali ikilowa mpaka kiunoni. Kipkoech alisimama pale pale, mikono mitupu. Sijawahi kuona mtu mrefu akionekana mfupi vile. Waliporudi aliunyakua mfuko bila kuangalia mtu.

Baadaye nilimwambia Madam kwamba mimi ningemfuta kazi. Alikuwa akikamua soksi. Akasema, "Huyo kijana anajua kazi. Nikimfukuza leo kwa sababu ya mdomo, kesho nitamfukuza nani? Lakini mfuko ataubeba."

Sehemu zote mbili za jibu. Hakuacha hata moja. Mimi siku zote huchagua moja: kupendwa au kutiiwa.

Alhamisi, 5 Desemba

Kumbe mfuko una mafunzo yake. Aliye nyuma ndiye anayeona kisu kimekata wapi. Kipkoech amebeba tangu Jumatatu, na leo alisimamisha mashine mwenyewe. Akamwambia Mama Kemunto wamekuwa wakishika chini mno wiki zote hizi, yeye akiwemo, ndiyo sababu ya vijiti. Alisema kwa heshima. Alimwita mama, bila "ya watu".

Wameinua mshiko kidogo tu. Majani ya jioni yalikuwa laini, kijani moja. Chepng'eno alitafuta kijiti cha kulalamikia, akakosa, akasikitika.

Jumanne, 10 Desemba

Kiwanda hakijarudisha majani yetu tena. Tumekaribia divisheni ya juu. Hatujaifikia.

Bwana Rotich amerudi na pendekezo. Chukueni watu watatu walio wepesi zaidi kwa kila mashine, wakae hapo hapo mpaka Krismasi, wengine wangoje. Mtafaulu bila shida. Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Kwa wiki mbili ingefanya kazi.

Madam akakataa. Alisema akifanya hivyo atakuwa ameokoa mashine na kuwaacha watu. Bwana Rotich akanigeukia mimi, tena. Nikasema mzunguko uendelee. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa nursery, lakini ilitoka.

Sasa niko kitandani na swali moja. Niliamini nilichosema, au nampenda Madam tu? Nikikosea, si mimi nitakayehama nyumba. Ni Mama Kemunto.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua ya wiki jana, halafu jua kali. Chai imechipuka yote kwa pamoja. Ukisimama juu ya kilima unaona kijani changa mpaka upande wa Bomet. Haitangoja. Siku chache tu inakuwa nzee.

Na leo asubuhi vijana wameomba ruhusa. Wote. Sherehe za kutoka jandoni ni wiki hii. Kila mmoja ana mdogo wake, au binamu, au mtoto wa jirani ambaye lazima akampokee. Kipkoech ndugu yake anatoka Alhamisi huko Sigor. Hawezi kukosa. Mimi pia natoka Kaplong, najua. Kijana asiyefika siku hiyo ataulizwa alikuwa wapi mpaka azeeke.

Nilimwangalia Madam nikitumaini atakataa. Akawapa ruhusa wote, papo hapo. Kipkoech aliomba radhi mara mbili. Kabla hajaondoka alimkagulia Mama Kemunto injini, akamwonyesha tena pale inapokwama ikiwa na maji. Mama Kemunto akamwambia aende, mashine si mtoto wake peke yake.

Divisheni ya juu vijana wao ni wa Sigor na Chebunyo, rika moja, karibu ukoo mmoja. Wamenyimwa ruhusa. Wameondoka hata hivyo.

Naogopa sana.

Jumatano, 18 Desemba

Wanawake tupu, na wazee wawili. Tulienda mlangoni mwa banda kutafuta alama zinazolingana. Alama yangu ipo pia. Nilijipima siku ile ile kwa utani. Iko sawa na ya Chepng'eno, lakini yeye hawezi, kwa hiyo nilipangwa na mama mmoja aliyenizidi urefu kidogo, akakunja magoti siku nzima. Nimetoka malengelenge mikono yote miwili.

Mama Kemunto ndiye aliyeongoza mashine ya kwanza. Hatukwenda mbio. Hatukusimama pia. Aliyechoka alipokewa na mwingine bila maelezo, maana kila mmoja alijua kila nafasi. Trekta lilijaa kabla ya saa tisa, likarudi tena.

Huko juu, kimya. Hakuna injini. Wanawake wao wanachuna kwa mikono haraka wawezavyo. Chai inawapita.

Ijumaa, 20 Desemba

Bwana Rotich alikuja kwa miguu, gari limekwama kwenye tope. Alisimama njiani, karibu na lile bonde la Madam, akatazama mashine zetu zote mbili zikishuka mteremko. Alikaa muda mrefu. Halafu akaja bandani, akavua kofia, akaomba watu wa kusaidia divisheni ya juu.

Hakuamuru. Aliomba.

Madam alisema hilo si la kwake kujibu, awaulize wenyewe. Akamgeukia Mama Kemunto.

"Tutaenda," Mama Kemunto akasema. "Lakini mama za huko washike pia. Sitaki kushikia mtu mashine na mikono yake iko."

Bwana Rotich alitazama chini, kisha akaitikia. Akasema kandarasi za Januari zitaandikwa, za wote. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. Mama Kemunto akauliza kama gari litawapeleka au nalo walisukume.

Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Mimi nililia, nyuma ya magunia, ambapo hakuna aliyeniona.

Jumatatu, 23 Desemba

Nilimwambia Madam kile nilichokuwa nimejiandaa kusema: kwamba aliona mbali, kwamba alijua tangu mwanzo vijana wataondoka kwa sherehe.

Akanitazama kwa mshangao. "Mimi? Sikukumbuka sherehe kabisa. Na mwenyewe nina mpwa anatoka." Akafikiri. "Sikutaka tu mtu abaki nje ya mlango."

Nilikuwa nimemjengea hekima ya nabii. Hana. Alifanya lililo sawa bila kujua litamlipa nini, akalishikilia hata lilipomgharimu usingizi. Nimegundua namheshimu zaidi kuliko jana.

Kipkoech amerudi, uso umevimba kwa usingizi, na kibuyu cha mursik kutoka kwa mamake. Kampa Mama Kemunto. Mama Kemunto alikunywa, akasema maziwa haya angalau yana ng'ombe.

Jumapili, 29 Desemba

Baada ya kanisa nilitembea peke yangu. Hakuna kazi, ukungu kidogo. Nilitafuta lile bonde la Madam kando ya njia. Nilienda na kurudi. Chai imejaa, imekuwa meza tena. Sikuona pale lilipokuwa.

Nyuma ya nyumba yake, Mama Kemunto alikuwa ameinama na jembe. Magugu yametolewa. Udongo mweusi, umelowa. Mjukuu wake, Kemunto, alikuwa na mbegu za saga kwenye kifuniko cha kibiriti. Nikavua viatu vya kanisa, nikapewa mstari wangu.